Kizibo cha Mforosadi

Kijijini Kot Hakiman watu huambiana kwamba ukiibiwa mbuzi, kaa kimya, maana ukienda polisi utarudi umempoteza na ng'ombe. Sughra aliusikia msemo huo tangu hajaanza kufunga ushungi, akauamini, na bado siku ilipofika akaenda. Alikwenda kwa sababu kilichoibwa hakikuwa mbuzi. Ilikuwa pikapu, ile pikapu ndogo nyeupe aliyoiacha marehemu mumewe, Mukhtar, pamoja na nyati wa maziwa na binti mmoja wa kuozwa.

Kila alfajiri Sughra alikuwa akipakia madebe ya maziwa na kuyafikisha mjini Noorewala, kwenye maduka ya halua, kabla jua halijaota meno. Pikapu ilipoibwa, maziwa yakaanza kwenda kwa mkokoteni wa punda, na jua la Juni halimngoji punda. Yalifika yameshaganda. Wenye maduka walimvumilia kidogo, kisha wakaanza kumtazama Lal Din, mchuuzi wa kijiji cha pili, ambaye maziwa yake yalikuwa nusu maji lakini yalifika mabichi. Shemeji yake Sughra, mdogo wa marehemu, naye akaanza kupita zizini na kumpapasa nyati mmoja mmoja mgongoni kama mtu aliye mnadani. Alisema tu kwamba si aibu mjane kuuza, na kwamba Idd haiko mbali.

Basi Sughra akaenda polisi.

Kituo cha Noorewala kilikuwa na geti refu, bendera, na ubao uliotangaza kwamba polisi ni mtumishi wako. Mtumishi mwenyewe alikuwa amekaa chini ya feni, amevua viatu, anachokonoa meno. Huyo ndiye karani wa kituo. Alimsikiliza Sughra mpaka mwisho bila kuandika neno, kisha akamwambia karatasi zimekwisha; kama anataka malalamiko yake yaandikwe, duka liko ng'ambo ya barabara. Sughra akavuka barabara, akanunua karatasi. Aliporudi akaambiwa kalamu haina wino. Akavuka tena.

Alipoona hatimaye kalamu inatembea, akafungua pembe ya shali yake na kutoa ufunguo wa akiba wa pikapu, aliokuwa ameufunga humo tangu siku ya wizi. Alidhani ni ushahidi. Karani aliuinua kwa vidole viwili, akawaonyesha wenzake.

"Mama, ufunguo bila gari ni kama hina bila harusi."

Wakacheka. Sughra akauchukua ufunguo wake, akaufunga tena kwenye pembe ya shali, akakaza fundo.

"Na kituo bila karatasi ni kama nini, Bwana Karani?"

Karani hakucheka tena. Alimwambia mlalamikaji mwenye ulimi mrefu hukaa benchi refu.

Akakaa. Alirudi wiki iliyofuata na iliyofuata tena, na kila alipokaa kwenye benchi lile alipata nafasi ya kuutazama vizuri ufalme huo. Gari la kituo lilikuwa limepandishwa juu ya matofali, magurudumu yake yamekwenda kufunga ndoa na gari la mtu mwingine. Fulana ya kuzuia risasi ilikuwa moja, imetundikwa kwenye msumari mlangoni kwa mkuu wa kituo, Inspekta Ghazanfar, na aliivaa yeyote aliyekuwa na zamu ya kupigwa picha. Konstebo mmoja kijana, Naveed, mwenye mashavu ya mtu anayekula kwa watu, alimweleza Sughra kwa kicheko kwamba bamba la chuma la ndani ya fulana hiyo liliazimwa na kituo jirani siku ya ukaguzi na halikurudi. Sasa wametia ubao wa sanduku la maembe, ili kifua kijae. Kulikuwa pia na konstebo mzee, Barkat, ambaye mkanda wa bunduki yake ulikuwa kamba ya katani, na ambaye miguuni alivaa ndara za plastiki kwa kuwa buti za serikali zilikuwa za saizi moja, na saizi hiyo haikuwa yake. Waliobaki hawakuonekana kabisa. Walikuwa kwenye mageti ya waheshimiwa, wakiwafungulia wake zao milango ya gari.

Mtu mwingine angewahurumia. Sughra hakuwahurumia hata kidogo. Umaskini aliujua, alilala nao kitanda kimoja. Maskini asiye na jembe huazima jembe. Haendi kumvunjia jirani mlango kisha akajiita mlinzi wa shamba. Na tena aliona kwamba mikono hiyo iliyokosa kalamu haikukosa fimbo siku ya gulio, pale ilipofaa kumpiga muuza karanga mpaka aache karanga zake. Hawa walikuwa na vifaa vya kutosha kwa kazi waliyoichagua.

Hata hivyo alirudi, maana nani mwingine angemwendea? Hilo ndilo lililomkera kuliko yote: kwamba unamdharau mtu na bado unampigia hodi.

Siku moja, jua likiwa utosini, Naveed akampigia simu. Mtoa habari wao ameona pikapu nyeupe imefichwa kwenye tanuri la matofali upande wa mfereji. Wanakwenda kuivamia sasa hivi. Aje haraka, na aje na hela ya petroli.

Hilo la petroli halikumshangaza. Noorewala mlalamikaji ndiye anayejaza tangi la polisi. Mwenye kuibiwa sana hujaza zaidi. Sughra aliuza sufuria ya shaba aliyoletewa na mama yake, akapanda bajaji, akafika kituoni na jasho lake.

Uani kulikuwa na pikapu ya bluu, turubai nyuma, neno POLISI limeandikwa mlangoni kwa herufi nene ambazo rangi yake ilikuwa imechuruzika kidogo chini. Naveed aliipiga boneti kofi la mapenzi.

"Mpya hii, mama. Imetoka makao makuu mwezi huu."

"Mpya?" Sughra aliuliza, kwa kuwa alikuwa amemwona akiuinua mlango kwa goti ndipo ufunguke.

Hakuwaza zaidi ya hapo. Pikapu za namna hiyo zimejaa Punjab nzima kama nzi, na zote milango yake imelegea. Akakaa mbele, mahali anapokaa mwanamke. Mzee Barkat akapanda nyuma chini ya turubai na bunduki yake, na kabla hawajatoka getini alikuwa ameshaanza kusinzia. Inspekta Ghazanfar hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumlinda waziri aliyekuja harusini. Karani naye alikuwa amelala chumba cha nyuma. Laiti mmoja wa hao wawili angekuwa uani, macho wazi, safari hiyo isingekuwepo. Lakini kijana alisikia petroli ya bure, na masikio yake hayakusikia kitu kingine.

Kwenye kituo cha mafuta, mhudumu alizunguka ubavuni mwa gari, akahangaika kidogo, kisha akaja dirishani kwa Sughra na kitu mkononi.

"Shika, mama. Hiki si cha kuweka chini, kitaingia mchanga."

Akampa kizibo cha tangi.

Kilikuwa kipande cha mti wa mforosadi, kimechongwa kwa kisu, kimezungushiwa kitambaa kilichokuwa kijani siku za nyuma na sasa kimekuwa rangi ya mafuta. Kwenye mkunjo mmoja uzi wa dhahabu ulikuwa bado unang'aa. Sughra alikitazama. Mwaka ule kifuniko cha chuma kilipoangukia mferejini, Mukhtar alikaa barazani mchana mzima akichonga, na alipokosa kitambaa cha kukazia, yeye mwenyewe Sughra alichana pindo la shali yake ya harusi akampa. Walicheka siku hiyo. Mukhtar alisema sasa gari nalo ni bi harusi, litataka mahari.

Pua yake ilijaa harufu ya petroli na kitu kingine. Hakulia. Alipanda kwa macho kutoka kwenye kizibo mpaka kwenye dashibodi iliyopakwa rangi nyeusi, akaona pale ambapo Mukhtar alibandika dua ya safari kumebaki mraba mwembamba wa gundi. Akaelewa. Hakukuwa na pikapu yoyote kwenye tanuri la matofali, au kama ilikuwepo ilikuwa ya maskini mwingine. Yake alikuwa ameikalia.

Mhudumu akajaza tangi mpaka juu. Sughra akalipa. Akamrudishia kizibo, akamwomba akikaze vizuri.

Naveed alikuwa ameshanusa jikoni kwa mwenye mgahawa wa jirani. Alimwambia Sughra kwamba hawawezi kuvamia majambazi na njaa, na kwamba mama akiwalipia dengu na mikate miwili mitatu haitakuwa dhambi. Sughra akamwambia aagize na nyama. Kijana alimwangalia kwa heshima kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akachomoa ufunguo wake, akaenda kukaa kwenye kitanda cha kamba, chini ya kivuli.

Sughra alingoja mpaka mkate ulipofika mkononi mwa Naveed. Kisha akasogea upande wa usukani, akafungua fundo la shali kwa meno, akatia ufunguo. Ukazunguka kama ulivyozunguka siku zote, kwa kusitasita kidogo kisha kwa utii.

Kijijini walimsema miaka mingi kwa kuendesha gari. Walisema mwanamke akishika usukani, maziwa huchacha. Sasa alitoka kwenye kituo cha mafuta bila kukwaruza jiwe, na kwenye kioo akamwona Naveed anakimbia na mkate mkononi, mchuzi unamtiririka mpaka kiwikoni, mkono wa pili umeshikilia suruali. Hakukimbia mbali. Mashavu yale hayakuumbwa kwa mbio.

Nyuma, Mzee Barkat akaamka. Aligonga kidirisha kwa kitako cha bunduki, taratibu, kama mtu anayeomba radhi.

"Mama, unakwenda wapi na gari la serikali?"

"Nyumbani kwangu. Na si la serikali."

"Simama, mama. Nisije nikalazimika kupiga risasi."

"Piga, baba. Nakusikiliza."

Barabara ilipita, miwa kushoto, miwa kulia.

"Haipigi," mzee akasema mwishowe. "Imeshika kutu. Ile inayopiga amekwenda nayo Inspekta harusini."

Alijaribu redio ya begani, ilikohoa ikafa. Akatoa simu yake, akaitazama, akakuna shingo. Kisha akagonga tena kidirisha. Alikuwa hana salio. Akauliza kwa adabu kama mama angeweza kumwazima simu yake, apige kituoni kuripoti kwamba mama ameiba gari.

Sughra akampa. Hakutaka kumnyima mtu nafasi ya kufanya kazi yake.

Aliyasikia yote kupitia kidirisha. Karani aliuliza gari limeibwa na nani. Mlalamikaji, alisema mzee. Gari gani? Hili la bluu. Karani akatukana tusi refu lililomhusu Naveed na mama yake Naveed. Kisha akasema neno ambalo mzee Barkat, kwa uaminifu wa mjinga, alilirudia kwa sauti ili alielewe: walifuate kwa gari gani? Maana la kituo liko juu ya matofali, na la pili ndilo hilo.

Simu ikarudi kidirishani. Sughra akamwambia mzee kwamba tangi la gari hili limezibwa kwa pindo la nguo yake ya harusi, na akichungulia ubavuni ataona uzi wa dhahabu. Mzee hakuchungulia.

"Lililetwa likivutwa na trekta," akasema. "Wezi waliliacha mferejini, lilikuwa limezima. Lilikuwa jeupe. Inspekta akasema lisiandikwe."

"Kwa nini lisiandikwe?"

"Gari likiandikwa ni la mahakama, mama. Lisipoandikwa ni la mkuu wa kituo."

"Na mimi nilikuwa nakaa pale kwenye benchi."

"Ulikuwa unakaa."

"Ukanipita kila mara na birika la chai."

"Kituoni hatuulizi kitu cha nani," alisema Barkat, na Sughra akaona kwamba hasemi hivyo kwa kujitetea. Alikuwa anamweleza utaratibu wa kazi.

Alimshusha kwenye njia panda ya kijiji, yeye na bunduki yake na ndara zake. Mzee alimpigia saluti. Labda mkono ulizoea tu.

Kesho yake asubuhi maziwa yalifika Noorewala mabichi, yana povu. Sughra alipita kwenye kizuizi cha polisi cha darajani, pale ambapo kila mchuuzi hupunguziwa debe, na konstebo wawili wageni walipoona neno lililo mlangoni wakanyanyua kamba haraka na kusimama wima. Alipita bila kuwatazama. Wenye maduka ya halua waliyaonja maziwa, wakayapima, wakamwambia Lal Din asijisumbue tena.

Aliporudi nyumbani alimkuta Inspekta Ghazanfar barazani kwake, amekuja kwa bajaji ya abiria, masharubu yamepakwa rangi nyeusi, sare imelowa mgongoni. Shemeji yake alikuwa ameshamkunjulia kitanda cha kamba na anamtafutia mto. Sughra hakuagiza chai. Punjab nzima hata adui aliyekuja kuomba damu hupewa chai, kwa hiyo shemeji aliinama akatazama vidole vyake vya miguu.

Inspekta alianza kwa udada. Dada yangu, kumetokea kutoelewana. Dada yangu, vijana wangu ni wapumbavu. Gari lilikuwa linahifadhiwa tu, lisiharibike kwa jua. Alipoona udada haumpeleki mbali akaingia kwenye sheria. Alisema gari lililopatikana ni kielelezo, halichukuliwi mpaka hakimu atoe amri, na aliyelichukua bila amri amevunja sheria, na jela ya wanawake haina feni. Shemeji akasema polepole kwamba labda lingerudishwa kwanza, kisha lifuatwe kwa utaratibu.

Sughra alibaki amesimama.

"Twende kwa hakimu, Afande. Nitakupeleka mwenyewe, petroli ipo, niliinunua jana. Tutamwonyesha hakimu kitabu chako, atazame siku gani uliliandika. Halafu umwambie rangi ya bluu alilipia nani."

Inspekta alitazama mlango wa gari, pale neno lilipochuruzika, na kwa mara ya kwanza Sughra akauona uoga machoni mwa mtu mwenye nyota begani. Haukuwa uoga wa Mungu wala wa hakimu. Ulikuwa uoga wa mkubwa wake, ambaye angeuliza kwa nini hakupata chake.

Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka usawa wa kitanda.

"Basi, Bibi. Gari kaa nalo. Neno moja tu nakuomba. Hiyo rangi. Wakaguzi wanakuja, wakiona muuza maziwa anatembea na maandishi yetu mlangoni, nitaulizwa. Itoe leo hii."

"Mimi sikuiweka."

"Bibi."

"Rangi ni yenu, Afande. Njooni mchukue mali yenu."

Akaenda kuwafungua nyati. Kwa nyuma alimsikia Inspekta akimuuliza shemeji kama kijijini kuna mtu mwenye pikipiki, kwa kuwa bajaji ilikuwa imekwenda zake.

Siku iliyofuata, baada ya sala ya adhuhuri, Naveed na Mzee Barkat wakafika kwa miguu kutoka barabara kuu. Walikuja na msasa na chupa ya mafuta ya taa, na Sughra alipouliza akaambiwa kwamba wamenunua kwa hela zao, kituo hakina fungu la mambo hayo. Akawaambia duka la kijiji liko ng'ambo ya njia, endapo vitapungua. Naveed alielewa, masikio yakamwiva.

Wakachuchumaa mlangoni mwa gari, wakaanza kusugua. Herufi ya kwanza ilikuwa nene, rangi ya bei rahisi ilijikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Wanawake wa Kot Hakiman, ambao wiki zote hizo walikuwa na kazi nyingi mno za kumtembelea mjane, sasa walikuwa na nafasi. Walikuja na watoto wao, wakakaa ukutani, wakaangalia polisi wanavyojifuta. Mmoja aliuliza kama na yeye anaweza kuleta mlango wake usuguliwe. Mwingine alisema waacheni, hii ndiyo kazi ya kwanza anayowaona wanaifanya tangu aolewe.

Joto lilikuwa la kuua. Naveed akauliza, macho yako chini, kama kuna maziwa ya mtindi. Sughra alimwambia yamekwenda mjini yote, na hiyo ilikuwa kweli, na kama isingekuwa kweli angesema vilevile.

Baadaye Mzee Barkat alisimama kunyoosha mgongo. Ndara moja ilikuwa imekatika kamba, ameifunga kwa katani ya bunduki. Sughra aliitazama ndara hiyo akiwa amekunja uso. Kisha akaingia ndani, akatoka na bilauri ya maji, maji matupu, akaiweka juu ya boneti upande wa mzee.

"Unywe, baba. Halafu malizia herufi hiyo ya mwisho, mmeacha mkia."

Mzee akanywa. Akainama, akaendelea kusugua, na chini ya bluu weupe wa Mukhtar ukaanza kutoka.